C- na kamati ya harusi

Nimetoka zamu, nimevua viatu, chai iko mezani, na badala ya kulala nimekaa kuandika kuhusu kamati ya harusi. Neno la shemeji Godlisten limenikaa kooni tangu siku ya drafti, yaani siku ya kuchagua wachezaji wa ligi yetu, na halishuki.

Wasomaji wa siku nyingi mnaijua ligi yetu: timu kumi, Watanzania na Wakenya wa hapa Brooklyn Park, Minnesota, pamoja na yule Mliberia anayefanya kazi na Baba Neema. Ni ile fantasi ya mpira wa Marekani: unaunda timu yako ya wachezaji halisi, na wanachofanya uwanjani kinakuletea pointi. Mnaocheza ya Ligi Kuu ya Uingereza msichanganye mambo. Kule kila mtu anapewa pauni milioni 100 na wote mnaweza kuwa na Haaland. Huku mchezaji ni wa mtu mmoja tu. Akishachukuliwa ndiyo basi, labda mwenye naye akubali kubadilishana. Mnachagua kwa zamu kutoka wa kwanza hadi wa kumi, halafu mnageuza, wa kumi anarudia na kushuka hadi wa kwanza, mpaka raundi kumi na tano ziishe. Kwa hiyo mtu uliyemwekea mpango wiki nzima anaweza kuondoka huku unamwangalia, tena amechukuliwa na mtu unayemkaangia samaki ale.

Drafti ilikuwa gereji kwa Godlisten, Jumapili ya kuamkia Sikukuu ya Wafanyakazi ya huku, mwaka huu wa 2024. Yeye ndiye kamishna, msimamizi wa ligi. Alikuwa amebandika ubao wa karatasi ukutani na kuchapisha stika za majina, wakimbiaji kijani, wapokeaji bluu, makwotabeki, wale warusha mpira, nyekundu. Baraka wangu ndiye aliyepewa kazi ya kubandika, na alipofika kwa mpiga mateke wangu akambandika kichwa chini miguu juu. Sijui kama ilikuwa bahati mbaya.

Mimi nilikuwa wa nane. Nikamchukua Justin Jefferson wetu wa Vikings, timu ya hapa Minnesota, ingawa wengi walimwogopa kwa kuwa yule kwotabeki kijana, McCarthy, alishaumia goti mwezi wa nane na mpira utarushwa na Sam Darnold. Raundi ya pili nikampata Saquon Barkley. Hapo hakuna aliyesema kitu. Raundi ya nne nikamchukua Aaron Jones, ambaye mwaka huu amehamia kwetu kutoka Green Bay, na nikasikia mguno. Raundi ya tisa nikamchukua Chris Boswell, mpiga mateke wa Pittsburgh, na gereji nzima ikaangua kicheko, kwa sababu desturi ni kwamba mpiga mateke anachukuliwa mwisho kabisa, watu wakiwa wanatafuta funguo za magari.

Ikiisha drafti, programu inatoa alama. Kila timu inapewa herufi, kama mitihani ya Necta, na kaaya kamoja ka maelezo. Godlisten akazisoma kwa sauti huku anageuza nyama. Yeye A, na alikuwa na chaguo la kwanza, akamchukua Christian McCaffrey kama ambavyo dunia nzima ingefanya. Yule Mliberia B+. Akafika kwangu.

"Mama Neema. C-." Akageuza ubavu mmoja. "Shem, umechagua timu kama mtu anayeunda kamati ya harusi."

Nikamuuliza, "Kivipi?"

"Umechukua watu unaowajua."

Basi. Hakusema zaidi. Hata hakunitazama, alikuwa na koleo mkononi na moshi unamwingia machoni. Watu wakacheka. Baba Neema naye alicheka, na hilo nimeliweka kwenye kumbukumbu.

Sasa ninyi mnajua utani wa shemeji ulivyo. Shemeji ana leseni. Ukinuna, umeshindwa wewe. Ukijibu kwa ukali, utaambiwa mke wa kaka hana ucheshi. Kwa hiyo nilicheka na mimi, nikaongeza kachumbari kwenye sahani, nikakaa. Tangu hapo namjibu kila siku bila yeye kuwepo. Nimemjibu nikiendesha gari kwenye barabara kuu ya 94. Nimemjibu nikimbadilishia mashuka bibi wa chumba cha mwisho kule kazini. Jibu la kwanza lilikuwa: "Ningekuwa nachagua ninaowajua tu, ningeanza na Daniel Adongo," yule Mkenya wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, ambaye Wakenya wa ligi yetu hawamalizi msimu bila kumtaja. Jibu zuri, ila limechelewa. La pili lilihusu nyama yake kuungua, na hilo halikuwa kweli.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo. Neema tumempeleka chuo Duluth, na Alhamisi Baba Neema aliapa uraia, picha nitaweka. Lakini katikati ya kiapo, watu wamesimama mikono juu, mimi nilikuwa najiuliza: hivi "unaowajua" alimaanisha siujui mchezo?

Maana hapo ndipo palipouma. Kwamba mama huyu anachagua sura. Jefferson kwa sababu bango lake liko kila mahali hapa mjini, Jones kwa sababu ni wa Vikings, na yule mwingine sijui kwa nini. Wakati mimi kabla ya drafti nilikaa zamu tatu za usiku na daftari, wazee wakiwa wamelala, nikiandika nani anapewa mpira mara nyingi, nani timu yake ilibadilisha kocha, nani wanapumzika wiki ile ile, wasije wakagongana.

Na hiyo alama, tuseme ukweli, inapima nini? Nimeichunguza. Programu ina makadirio yake ya pointi kwa kila mchezaji, na ina orodha ya wastani: watu wengine huko nchini wamemchukua mchezaji huyu kwenye nafasi ya ngapi. Ukimchukua nyuma ya wastani, umepata bei poa, unasifiwa. Ukimchukua mbele ya wastani, umelipa kupita kiasi, unakatwa. Jones wastani wake uko raundi ya sita, mimi nimemchukua ya nne. Boswell ndiyo usiseme. Kwa maneno mengine, C- yangu inasema sikufanana na watu. A ya Godlisten inasema alifanana nao vizuri sana. Bado hakuna mpira hata mmoja uliokuwa umerushwa.

Baba Neema, kwa kujirudi baada ya kile kicheko, aliniletea habari za timu ya Seattle. Kwamba drafti yao halisi ya mwaka 2012, ile ya kuchukua vijana kutoka vyuoni, baadhi ya wachambuzi waliipa F, na ndani yake walikuwemo Bobby Wagner na Russell Wilson, na Februari 2014 wakaichapa Denver 43 kwa 8 kwenye Super Bowl, fainali yenyewe. Nilimshukuru. Ila kila mwenye alama mbovu anaikumbuka Seattle. Waliopewa F na kweli wakawa F hakuna anayewasimulia.

Kilichonifurahisha zaidi nilikikuta mwenyewe. Mchezo huu wote ulianza Oakland. Bwana mmoja, Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa kwenye timu ya Raiders, alikaa na wenzake kwenye hoteli New York mwaka 1962 wakatunga kanuni, na mwaka uliofuata wakafanya drafti ya kwanza nyumbani kwake. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya fantasi alikuwa George Blanda, huku Jim Brown bado yupo mezani. Jim Brown! Msimu huo huo wa 1963 Jim Brown akakimbia yadi 1,863, na hakuna aliyekuwa amewahi kufikisha hapo. Programu ya leo ingempa mtu huyo herufi gani? Lakini Blanda alikuwa kwotabeki na papo hapo ndiye mpiga mateke, pointi zinaingia kwa milango miwili. Kwa hiyo chaguo la kwanza la wote lilikuwa na mpiga mateke ndani yake. Nilisoma hilo saa tisa usiku pale dawati la wauguzi, nikacheka peke yangu, mwenzangu akauliza kama niko sawa.

Nadhani ni usiku huo huo hasira ilipoanza kunigeuka. Kwa sababu niliwaza: kamati ya harusi ina ubaya gani?

Kamati yetu ya mwaka 2004 ilikaa Moshi, Jumapili mchana, kwenye baa ya jirani na kwa wakwe. Nimesimuliwa sana. Mwenyekiti walimchagua mtu mkubwa, ana gari, ana sauti. Kikao cha kwanza alitangaza ahadi iliyofanya watu wasimame na kupiga makofi. Kikao cha tatu akawa safarini. Kikao cha tano simu yake haipatikani. Ahadi ile mpaka leo ni ahadi. Na kulikuwa na mama mmoja wa mtaani, muuza maandazi, walimweka kamati ya chakula kwa sababu tu wanamfahamu. Alikuja kikao cha kwanza na elfu ishirini zake mkononi, zimekunjwa, hakusema neno. Alikuja vikao vyote. Siku ya kuvunja kamati ndiye aliyekuwa na hesabu za kila sufuria.

Ukiniuliza mimi, mwenyekiti yule alikuwa A. Kwenye karatasi kila kamati ya Kilimanjaro ingemtaka.

Halafu nikakumbuka usafiri. Watu wangu walitoka Tanga, na aliyetumwa kuwafuata na Coaster alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, hana kazi, wazee wengine hawakumtaka, wakasema atawapotezea watu. Baba Neema akasema namjua huyu. Kijana alifika Tanga usiku, akakataa kitanda, akalala kwenye kiti cha mbele cha gari, na saa kumi alfajiri alikuwa anagonga madirisha ya shangazi zangu mmoja mmoja. Segera walipita bado giza. Walifika kanisani mapema mpaka mchungaji akashangaa.

Ni Godlisten huyo huyo mwenye koleo.

Sasa sijui alimaanisha nini. Inawezekana hata yeye hajui, alikuwa anapambana na moshi. Lakini tangu hapo nikilirudia lile neno nalisikia kwa sauti nyingine, na limeanza kunipa raha.

Mechi zimeanza, mmeona. Ijumaa Barkley, kule São Paulo, kapiga yadi 109 na tachidauni tatu, yaani mabao ya kule, na mimi nilikuwa napiga pasi yunifomu nikapiga kelele hadi Baraka akatoka bafuni na povu. Jumapili Vikings wakawapiga Giants 28 kwa 6, Jefferson na Jones kila mmoja akafunga. Na Boswell. Pittsburgh walishinda 18 kwa 10, na pointi zote 18 ni za Boswell, mateke sita, hakukosa hata moja. Nilipita gereji kwa Godlisten kurudisha sufuria nikamgeuza Boswell ukutani akae kichwa juu. Wiki moja haithibitishi kitu, najua. Mwezi wa kumi na moja anaweza kuwa ananitia aibu.

Kisha jana jioni. San Francisco na Jets, mechi ya mwisho ya wiki, na saa moja na kitu kabla ya kuanza ikatangazwa McCaffrey hachezi. Mechi zote nyingine zilishaisha, hakuna wa maana wa kumweka badala yake, isipokuwa uwe na Jordan Mason, msaidizi wake, na Godlisten hakuwa naye. Mason aliingia akakimbia yadi 147. Kwenye ukurasa wa Godlisten, kwa chaguo la kwanza la ligi nzima, palikaa sifuri.

Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena, nikautuma kabla sijaingia zamu: "Shem, pole. Mwenyekiti wako yuko safarini."

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani nimevuka mpaka. Saa sita usiku simu ikatetema mfukoni. Hakugusa habari ya mpira. Ameandika: "Mama wa Tanga alipata dawa? Ile hela niliyomtumia Salma ilitosha?"

Ilitosha, dawa zimenunuliwa, na hapo ndipo nilipo asubuhi hii. Mama anasema vidonge vya presha safari hii si vile. Vilikuwa vyeupe vya duara, hivi vina rangi ya maziwa ya mgando na ni vidogo. Inaweza kuwa ni kiwanda kingine tu, dawa ile ile, tunaona sana kazini. Inaweza pia kuwa wamempa za miligramu 10 badala ya 5. Yeye kwa kuogopa hajameza tangu juzi, na ndicho kinachonitisha kuliko rangi. Nilimwomba Salma kule Tanga anipigie picha kisanduku. Picha imekuja: kidole gumba chake na kona moja ya kisanduku, herufi tatu zinasomeka. Sasa huko ni saa kumi jioni, duka la dawa linafunga saa mbili, na Salma simu yake inaita bila kupokelewa.