Dua ya Kupanda Chombo

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Jumatatu nilikwenda shamba, Pemba, kumzuru mtoto wa ami yangu. Ulimi wangu bado umezoea kusema hivyo, ingawa huu ni mwaka wa pili yuko maziarani chini ya mwembe, na anayezungumza ni mimi peke yangu. Karafuu zimezaa. Majamvi yametandazwa mpaka ukingoni mwa njia, na harufu yake inakufuata hadi kaburini. Nikasoma Yasini, nikamtilia dua, kisha nikakaa. Yaliyonijia pale ndiyo ninayokuleteeni wiki hii.

Wengi wenu mlimjua uzeeni tu, mzee wa kofia ya viua, safu ya mbele, watoto wakimwita Ami Rubani. Alikuwa rubani kweli, wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, upande wa anga. Hakurusha ndege za kupiga mabomu. Zake zilikuwa za mizigo, zile za Kanada za injini mbili, zenye mlango mkubwa nyuma, zinazoweza kutua penye uwanja mfupi wa udongo. Mchele, risasi, dawa, wanajeshi wazima wakienda na majeruhi wakirudi. Nadhani kazi ile ilimfaa kuliko nyengine yoyote, maana tangu udogoni alikuwa mtu wa kubeba.

Tulisoma chuo kimoja cha Kurani. Siku Maalim alipotufasiria aya ya 19 ya Suratul-Mulk, kwamba je, hawawaoni ndege walio juu yao wakikunjua mbawa zao na kuzikunja, hakuna anayewashikilia ila Mwingi wa Rehema, yeye akanyoosha kidole juu, upande wa kiwanja cha Chake Chake. Akauliza, "Maalim, ndege hawa, au ndege zile?"

Kiarabu cha aya hakina utata, kinataja ndege wa manyoya. Kiswahili chetu ndicho kilichomfungulia swali. Sisi tukangoja bakora. Maalim akafikiri kidogo, akasema, "Mshikaji ni mmoja."

Miaka mingi baadaye, akiwa amekwisha kustaafu, aliirudia aya hiyo mbele yangu. Alisema katika Suratun-Nahl, aya ya 79, mambo ni hayo hayo ya ndege angani, na pale Mwenyezi Mungu kajitaja kwa jina la Allah. Katika Mulk kajitaja Ar-Rahman. "Mimi ningetarajia jina la nguvu," alisema. "Kitu kizito kimesimama hewani, ungesema Mwenye nguvu ndiye anayekishika. Yeye kasema ni rehema."

Nikamwomba anieleze, akanieleza kama rubani. Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya kwetu pwani, na jua likichoma inazidi kuwa nyepesi. Ndege ile ile, na mzigo ule ule, itakimbia masafa marefu zaidi kabla haijanyanyuka. Macho hayakuonyeshi tofauti yoyote: anga ni lile lile, njia ya kurukia ni ile ile. Unapiga hesabu, unapunguza mzigo, unaomba. Na huko juu ukiacha kasi ikashuka mno, bawa linaacha kubeba, hata injini zikiwa nzima zinanguruma. "Kila mara nilibebwa na kitu nisichokiona," alisema.

Ndiyo sababu hakuiacha dua ya kupanda chombo. Mnaijua, imo katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 13 na ya 14: Subhanalladhi sakhkhara lana hadha wama kunna lahu muqrinin, wa inna ila rabbina lamunqalibun. Ametakasika aliyetutiishia hiki, na sisi wenyewe hatukuwa na uwezo nacho, na hakika kwa Mola wetu tutarejea. Aliianza tukiwa watoto, juu ya baskeli ya baba yangu, mguu mmoja bado uko chini. Akaisema ndani ya ndege ya jeshi. Akaisema kwenye boti, kwenye gari ya abiria ya kwenda Konde, na mara moja nilimsikia akiisema juu ya gari ya ng'ombe, safari ya kuteremka kilima kimoja tu. Aya inayotangulia hizo imetaja majahazi na wanyama, naye hakuona chombo kilicho kidogo mno kwa maneno hayo.

Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, ndugu yangu alikuwa miongoni mwa waliotumwa. Aliyapenda maneno yale mpaka kufa kwake. Lakini aliniambia kuwa kila akikaa kitini alikuwa na maneno mawili kichwani, la redioni, uwezo tunao, na la aya, hatukuwa na uwezo. Yote mawili aliyaona kweli: moja unamwambia adui, jengine unamwambia Mola wako.

Hapa sina budi kusema jambo langu. Baba yangu alifariki mapema mwaka 1979, vita vikiendelea. Baba ndiye aliyemlea. Tulizika, tukasoma hitima ya siku ya tatu, na mlango ulikuwa ukifunguka nainua kichwa nikidhani ni yeye. Hakuja. Hakuleta hata salamu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, watu wakashangilia njiani, na mimi moyoni nilikuwa na donge. Alipokuja likizo nilimpa mkono bila ya kumtazama. Nililibeba donge lile miaka kumi na zaidi, nikiswali naye safu moja, bega kwa bega. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Alinihadithia tukiwa kwenye boti kutoka Mkoani, tumo katika mkondo wa Nungwi na watu wengi wamelala kwa kichefuchefu. Sikumuuliza mimi. Alianza mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiangalia maji.

Telegramu ilimfikia siku ya tisa. Alipewa ametoka kutua, nyuma wanateremshwa majeruhi, na amri ya kurudi imekwisha kutoka. Alikuwa na muda wa kujaza mafuta tu. Akatawadha kwa maji ya kopo, akasimama kando ya njia ya kurukia, akamswalia ami yake swala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Wenzake wawili Waislamu wakasimama nyuma yake. Wa tatu, fundi wa injini, Mkristo, akavua kofia akaishika kifuani mpaka salamu ilipotolewa. Halafu wote wakarudi kazini.

"Mbona hukuniambia siku zote?" nikamuuliza.

"Ulikuwa msiba wako," akasema. "Nisingeweza kuja kukutaka wewe ndiye unipe mimi pole."

Nikashika ukingo wa boti. Sikupata la kusema, naye hakulidai.

Kuna jambo jengine dogo, nalo silisahau. Alikuwa akitawadha kwa kata ya kifuu, mtungini, nyuma ya nyumba. Akifika miguuni anapitisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto baina ya vidole, kimoja baada ya kimoja, anaanzia kidole kidogo cha mguu wa kulia anamalizia kidogo cha kushoto. Hakuruka hata kimoja, hata swala ikiwa inakimiwa na sisi tunamwita. Nilipomharakisha aliniambia kwamba rubani, hata akiwa na miaka ishirini kazini, haianzi safari mpaka orodha ya ukaguzi isomwe kwa sauti, neno kwa neno, na mwenzake aitikie. Wote wawili wameihifadhi. Husomwa kwa sababu wameihifadhi. Mkono uliozoea, alisema, ndio unaopita juu ya kitu bila ya kukigusa.

Tangu hapo naitazama Fatiha yangu. Naisoma si chini ya mara kumi na saba kwa siku, na zipo siku nafika "amin" sijui nimepitia wapi.

Tulipomtoa nyumbani ilikuwa msimu kama huu. Wanawake wakakunja majamvi haraka kupisha njia, karafuu zikamwagika, na tukazikanyaga tukiwa na jeneza. Zamu yangu ilipofika, mti ukatua begani, nikajikuta nasema Subhanalladhi sakhkhara lana hadha. Kwanza nikaona nimekosea, dua hii ni ya aliyepanda. Kisha nikaona aliyepanda ni yeye, na ulimi wake umefungwa, na hajapata kupanda chombo bila ya kuisema. Nikamsemea mpaka mwisho.

Wapo miongoni mwenu watakaovuka kwa boti au kwa ndege wiki hii. Mkishatulia vitini, isomeni polepole, na mkifika kwenye wa inna ila rabbina lamunqalibun, mumtaje Ami Rubani. Mola wake anamjua kwa jina lake kamili.