Siku moja na mashine ya kusaga visiki

Saa 12 na nusu asubuhi. Mashine imezimwa na ufunguo uko mfukoni, nakagua meno ya gurudumu la kusagia, jino moja baada ya jingine. Jino zuri ukingo wake bado umechongoka; lililochoka limeviringika na linang'aa.

Saa 2. Kisiki cha kwanza ni cha mti mgumu, lakini udongo ni safi, kwa hiyo meno membamba yenye makali yanatosha. Vipande vinaruka vikubwa vikubwa. Wateja huniuliza kama mti wao utanishinda. Mimi nauliza habari za udongo, maana mchanga na mawe ndivyo vinavyomaliza meno.

Saa 4 na nusu. Cha pili kimezungukwa na kokoto. Naanza na sururu na koleo, natoa mawe ninayoyaona, kisha nabadilisha meno. Ncha ya jino ni kabaidi ya tungsteni, chembe ngumu zilizoshikanishwa kwa metali ya kobalti. Kobalti ikiwa kidogo, ncha huwa ngumu zaidi na hukaa na makali muda mrefu, ila ikigonga jiwe inapasuka kama glasi. Ikiongezwa, ugumu unapungua kidogo lakini ncha inastahimili vishindo. Hapa nataka hiyo ya pili, tena nene. Muuzaji akikusifia "gumu kuliko yote", muulize likikutana na jiwe inakuwaje.

Saa 7. Chakula, haraka.

Saa 8. Vipande vimegeuka vumbi na mashine inatetemeka: makali yameisha. Haya ni meno ya duara, yana sehemu tatu za kukatia. Nazima, nalegeza nati, nazungusha, nakaza kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kitabu cha mashine. Boliti iliyolegea hula kishikio cha jino, na kishikio kina gharama kuliko jino lenyewe. Moja limevunjika; nalibadilisha pamoja na la upande wa pili wake, gurudumu lisiyumbe.

Saa 10 na nusu jioni. Nanoa meno yaliyobaki kwa jiwe la kunolea la almasi, barakoa usoni, kwa sababu vumbi la kobalti ni baya kwa mapafu. Jiwe la kawaida la kijivu halifai kwa kabaidi. Jino likipata moto naliacha lipoe lenyewe. Maji ya ghafla hulipasua.

Kesho kuna kiwanja kilichojazwa kifusi. Naweka meno manene gurudumu zima na kuagiza seti ya akiba.