Soma tarehe kabla ya kusoma kosa

Hati ya mashtaka ikitolewa pale mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, macho ya ndugu wa mshtakiwa hukimbilia jina la kosa. Bora yaanze na tarehe ya kitendo. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakataza mambo mawili: kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa, na kumpa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo wakati huo.

Hilo la pili ndilo linalopita kimyakimya. Chukua uhujumu uchumi. Kabla ya marekebisho ya 2016, kifungu cha 60(2) cha sheria ya uhujumu uchumi kiliweka kifungo kisichozidi miaka 15. Baada yake kikawa miaka 20 hadi 30. Aliyetenda 2014 na kuhukumiwa 2019 anapimwa kwa sheria iliyokuwapo 2014. Lakini ukifungua toleo jipya la sheria utaona 20 na 30 tu, kwa hiyo hata wakili mzoefu huteleza. Tafuta sheria yenyewe ya marekebisho, kisha tarehe ya kuanza kutumika. Isipotaja siku nyingine, sheria huanza siku inapochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, si siku Bunge lilipoipitisha wala Rais alipoisaini.

Shida kubwa ni mashtaka yanayosema "kati ya Januari 2015 na Desemba 2016", yakavuka mabadiliko katikati. Hapo wakili aibane Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, kabla mteja hajajibu shtaka, itaje tendo lipi lilifanyika lini. Hukumu ikishatoka, adhabu iliyozidi ni hoja ya kisheria. Ipelekwe kwenye rufaa hata kama ushahidi wa kosa haupingiki.

Kwa nini Katiba ijisumbue na hili? Msako wa walanguzi ulianza Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Sheria Namba 9 ya mwaka huo, ya kuwashtaki wahujumu uchumi, ilitungwa watu wakiwa wameshakamatwa, ikarudishwa nyuma iwafikie. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka uliofuata, na mahakamani zikaanza kudaiwa Machi 1988. Waliokamatwa 1983 hazikuwafaa kitu.

Usiinyooshe ibara hii kupita kiasi, maana inazungumzia makosa na adhabu. Kodi inayorudi nyuma haiguswi hapo, na utaratibu wa kuendesha kesi ukibadilika, kwa kawaida kesi iliyopo inafuata utaratibu mpya. Kufutwa kwa sheria nako hakumwokoi aliyeivunja ilipokuwa hai, isipokuwa sheria inayofuta iseme hivyo.

Na adhabu ikipunguzwa kesi ikiendelea? Kenya wamelimaliza katika ibara ya 50(2)(p) ya Katiba yao ya 2010: mshtakiwa anapata iliyo nafuu. Ibara yetu inazuia adhabu kupanda tu. Juu ya kushuka haisemi neno, na kwangu hilo ni pengo ambalo Katiba mpya ingepaswa kuliziba.