Jiwe Kushoto, Mto Kulia: Kwa Baiskeli Bonde la Missouri

Handaki la reli la Rocheport lina urefu wa mita 74 hivi, lakini ukiingia na miwani ya jua unakuwa kipofu. Nilipunguza mwendo na kuivua. Matairi yakabadili sauti, mvumo ukarudi kutoka kwenye kuta, kisha nikatokea upande wa pili, nikakivuka kijiji ambacho kilikuwa bado hakijafungua milango, na mara magenge ya mawe ya chokaa yakasimama kushoto kwangu, Mto Missouri ukiwa kulia. Kwa sehemu kubwa ya safari mpangilio ulibaki huo: jiwe kushoto, maji au mashamba kulia, na katikati njia nyeupe isiyojua gari.

Njia yenyewe ni Katy Trail, hifadhi ya jimbo la Missouri nchini Marekani. Ina maili 240, yaani kilomita 386 hivi, kutoka Clinton upande wa magharibi hadi Machens mashariki. Mimi nilichukua kipande cha mashariki, kile kinachoandamana na mto, nikishuka nao. Zamani ilikuwa reli ya kampuni ya Missouri–Kansas–Texas. Treni zilikoma mwaka 1986, na hapo ndipo ilipoingia sheria ya mwaka 1983 iliyoruhusu reli iliyoachwa itumiwe kama njia ya miguu na baiskeli, huku ardhi ikibaki akiba kwa siku treni zitakapohitajika tena. Wenye mashamba ya jirani hawakuipenda habari hiyo hata kidogo. Wao walihesabu kwamba reli ikifa ardhi inawarudia, na walikwenda mahakamani. Kwa upande mwingine, Edward Jones, ambaye watu walimwita Ted, pamoja na mkewe Pat, walitoa zaidi ya dola milioni 2 ili njia ipatikane na itengenezwe. Kipande cha kwanza kilifunguliwa hapo hapo Rocheport mwaka 1990.

Mtu akisikia njia haina mlima husema basi hiyo ni ya kustarehe. Huyo hajainyonga. Penye vilima unapanda kwa jasho, lakini ukifika juu unaserereka, miguu inapumzika, unainuka kidogo kwenye kiti na damu inatembea. Hapa hakuna kuserereka. Ukiacha kunyonga, baada ya muda mfupi baiskeli inataka kusimama. Misuli ile ile inafanya kazi ile ile tangu asubuhi, na kiti kinakugusa mahali pale pale. Nikajiwekea utaratibu: kila nguzo ya maili ninasimama juu ya pedali na kuhesabu polepole hadi 20, nataka sitaki. Viganja navyo nilivihamisha hamisha kwenye usukani kabla havijafa ganzi. Ambaye hajafanya hivyo utamjua jioni kwa anavyoketi.

Na badala ya mlima kuna upepo. Chini ya magenge husikii kitu. Kisha njia inaachana na jiwe, inakata katikati ya soya iliyokwisha kuvunwa, na unaupokea wote kifuani. Huko mbele unaona mti mmoja, unaufuata nusu saa, nao haukui. Hakuna ujanja zaidi ya kushusha gia, kuinamisha mgongo na kukubali mwendo mdogo.

Utambarare huu una mafundi wawili. Wa kwanza ni mto, ambao kwa maelfu ya miaka umekuwa ukihama kutoka ukuta mmoja wa bonde hadi mwingine, ukilaza tope lake kila ulipopita. Wa pili ni reli. Gurudumu la chuma juu ya chuma haliwezi mwinuko mkali, kwa hiyo wajenzi walipita palipo sawa, na palipowabana wakapasua mwamba. Mwezi Juni mwaka 1804 msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi waliotumwa na serikali ya Marekani, ulipanda mto huu, na wakaandika kuhusu michoro waliyoiona kwenye genge karibu na kijito cha Moniteau. Michoro mingi ya hapo ilikwenda na kazi ya reli. Nilisimama nikautazama mwamba uliokatwa wima, nikafikiri jinsi gani starehe yangu ilivyolipiwa mapema na vitu vya watu wengine.

Niseme kuhusu sakafu, maana ndiyo inayoamua siku yako itakuwaje. Ni chokaa iliyosagwa na kushindiliwa, laini kuliko changarawe ya kawaida, na ikiwa kavu inakwenda karibu sawa na lami. Nilitumia matairi ya milimita 40 yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuzibia ndani, na upepo wa pauni 35 hivi kwa inchi ya mraba, unaomfaa mtu wa uzito wangu. Ukiyajaza hadi yawe magumu, kila kijiwe kinapanda hadi kwenye meno. Ukiyalegeza sana, unakokota. Mvua ikinyesha, chokaa inageuka uji unaonata, na kasi inashuka bila wewe kufanya kosa lolote. Ikikauka inakuwa unga mweupe unaoingia kwenye cheni, kwenye chupa ya maji na kwenye nyusi. Mafuta mazito ya cheni hapa ni adui, yanaukamata unga wote. Afadhali yale mepesi, ufute na kupaka tena kila jioni.

Baada ya saa moja hivi nilipita kando ya Eagle Bluffs, ardhi oevu kubwa karibu na McBaine. Sehemu ya maji yake inatoka kwenye majitaka ya mji wa Columbia yaliyokwisha kusafishwa. Harufu hakuna. Korongo wa kijivu alikuwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi, na kobe mmoja alikuwa akivuka njia kwa uhakika wa mwenye nyumba, shingo imenyooka, kucha zikiacha mistari midogo kwenye vumbi. Nilishuka nikamngoja. Karibu na hapo kuna mwaloni mmoja mkubwa uliosimama peke yake shambani, wenye miaka zaidi ya 300 kwa makadirio. Radi iliupiga mwaka 2020 ukawaka moto, na bado upo. Mchepuko wa kuufikia ni mfupi, na ninaupendekeza hata kwa mtu mwenye haraka, ingawa mwenye haraka sijui anatafuta nini kwenye njia hii.

Hartsburg nilimkuta mzee ameketi kwenye benchi karibu na njia, baiskeli yake ya zamani imeegemea ukuta. Nikamwamkia, tukazungumza mavuno, kisha nikamuuliza kuhusu mafuriko ya mwaka 1993, yale makubwa, yaliyoingia mpaka mjini baada ya tuta la kuzuia maji kushindwa. Hakueleza sana. Alisimama, akainua mkono kunionyesha maji yalipofika, na mkono ulipita kichwa chake.

“Na hukuhama, mzee?”

“Nihamie wapi? Udongo ulioletwa na mto uko hapa, huko juu ni mawe.”

Nilikuja kulielewa vizuri jibu lake nilipofika Rhineland, kilomita nyingi mbele. Wao walihama. Baada ya maji yale ya 1993 kijiji kilihamishiwa kilimani, nyumba baada ya nyumba, na pale bondeni palipokuwa na mitaa pana nafasi. Njia ya baiskeli nayo ilibomolewa vipande virefu mwaka ule, ikajengwa upya. Mwenye nguvu mpishe, lakini hawa wa Hartsburg na wale wa Rhineland walimpisha kwa namna mbili tofauti, na sioni aliyekosea.

Kuhusu Jefferson City sina mengi. Mji uko ng'ambo ya pili, kuba la jengo la serikali ya jimbo linaonekana kutoka mbali, magari yanavuma juu ya daraja, na baada ya dakika chache umeshaliacha. Nililala Tebbetts, kwenye nyumba ya waendesha baiskeli yenye vitanda vya ghorofa, mahali ambapo unajifungulia mwenyewe na kuacha pesa kwenye kisanduku. Usiku garimoshi lilipiga honi upande wa pili wa mto, kwa sababu ukingo wa kusini reli bado ni hai. Upande wetu ndio uliokufa, na ukimya tunaousifia ulitokana na kifo hicho.

Kati ya Mokane na Bluffton ndiko njia inakopendeza kuliko kote, nami nitaitetea kauli hii. Miti imekutana juu, majani ya Oktoba yanadondoka mbele ya gurudumu, na madaraja madogo ya mbao yananguruma ukipita kwa kasi. Hapa na pale pengo linafunguka unauona mto kwa ukaribu. Si mto ambao Lewis na Clark waliujua. Wao waliona maji mapana yenye visiwa vya mchanga na magogo. Karne ya 20 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kiliubana kwa vizuizi vya mawe ili matishari yapite, kina cha futi 9 kutoka Sioux City hadi unapoingia Mississippi, maili 735. Ukisimama ukatazama ncha ya kizuizi kimoja utaona jinsi maji yanavyojikunja nyuma yake, ya kahawia, mazito, yakizunguka na vijiti bila kwenda popote, ilhali hatua chache pembeni mkondo unakimbia kuliko baiskeli yangu.

Vijiji vya upande huu ni vidogo na duka laweza kuwa limefungwa katikati ya wiki. Beba maji ya kukutosha na kitu cha kutafuna, usitegemee alama kwenye ramani. Anayetaka kukatisha safari avuke daraja kutoka McKittrick hadi Hermann. Treni ya abiria kati ya St. Louis na Kansas City inasimama huko na inachukua baiskeli, ila nafasi ya baiskeli ikatwe mapema pamoja na tiketi.

Mimi niliendelea. Treloar, Peers, Marthasville. Karibu na Marthasville ndiko alikozikwa Daniel Boone, yule mwindaji mashuhuri, mwaka 1820. Mwaka 1845 watu wa Kentucky walifukua mabaki wakayapeleka kwao, na Missouri mpaka leo wapo wanaosema mabaki yaliyochukuliwa si ya Boone.

Nilimalizia Augusta, mji wa mizabibu. Mwaka 1980 eneo lake lilikuwa la kwanza nchini kutambuliwa rasmi na serikali kuu kama eneo la mvinyo. Ulianza kama gati la meli za mvuke. Mwaka 1872 mto ulibadili mkondo ukaondoka, na gati likabaki linatazama udongo. Mji wenyewe uko juu, njia iko chini, na kati yao kuna kilima kifupi kilichosimama. Baada ya tambarare yote ile nilitafuta gia ndogo kabisa, ambayo sikuwa nimeigusa tangu nianze, na haikukubali kuingia. Unga wa chokaa ulikuwa umeshikamana kwenye kibadilisha gia kama saruji. Msichana aliyekuwa akishuka na mbwa wake akaniambia juu kuna bomba la maji la kuoshea. Nikashuka, nikaikokota.