Kupanua maktaba za vijijini: ratiba kwanza, jengo baadaye

Mipango mingi ya kupanua maktaba za vijijini huanza na ramani ya jengo. Jiwe la msingi linawekwa, na swali la nani atamlipa mkutubi mwaka wa tatu linaachiwa kikao kijacho. Jengo hulipiwa mara moja tu, tena linapendeza kwenye picha za uzinduzi. Kinachofunga tawi ni gharama za kila mwezi: mishahara, mafuta, intaneti, vitabu vya kuchukua nafasi ya vilivyochakaa, paa linalovuja. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango uwe ratiba ya wiki: tawi gani litakuwa wazi saa ngapi, na nani atakaa mezani.

Tawi lenye mtumishi mmoja hufungwa kila anapougua au kuitwa kwenye mafunzo. Msomaji aliyetembea saa nzima akakuta kufuli mara mbili, harudi mara ya tatu. Ni afadhali tawi lifunguliwe saa 20 kwa wiki zisizobadilika, zikiwemo siku ya soko na jioni mbili, kuliko kutangaza saa 40 zisizotekelezeka. Wapangie watumishi wawili wa muda kila tawi, wawe wanapishana.

Utafiti wa mahitaji nao una mtego wake. Ukiwauliza watu kama wanataka maktaba, wote watasema ndiyo, na hujajua chochote. Uliza wiki iliyopita walikwenda wapi, siku gani, kwa miguu au kwa chombo cha usafiri, wakiwa na nani. Kisha chora ramani ya dakika badala ya kilomita. Mto usio na daraja huweza kufanya kilomita mbili ziwe mwendo wa saa nzima, na msimu wa mvua hubadilisha ramani yote.

Baada ya hapo panda ngazi kwa ngazi. Ngazi ya chini ni sanduku la vitabu linalowekwa shuleni, kwenye zahanati au ofisi ya kijiji, chini ya mtu mmoja aliyekubali kwa maandishi kuliangalia. Sanduku libebe vitabu kama 40, maana kitabu cha wastani kina gramu 400 hadi 500, na sanduku zito kuliko kilo 20 litaumiza migongo mpaka watu waache kulihamisha. Libadilishwe kila miezi mitatu. Kituo ambacho vitabu vyake vinaazimwa vyote na watu wanauliza vingine kipandishwe kuwa kituo cha maktaba tembezi, yaani mahali linaposimama gari la vitabu, na baadaye sana kuwa tawi. Mary Titcomb, mkutubi wa Washington County, Maryland, Marekani, alifuata njia hiyo hiyo: vituo vya masanduku kwanza, kisha mwaka 1905 gari la farasi lililopita mashambani. Mwaka 1910 gari hilo likagongwa na treni, na huduma ikakatika hadi lilipopatikana gari la injini mwaka 1912. Anayenunua chombo leo bila kutenga kila mwaka sehemu ya kumi ya bei yake, kwa ajili ya chombo kitakachofuata, anaukaribisha mkatiko kama huo.

Hesabu ya maktaba tembezi ndiyo inayopotoshwa kuliko zote. Siku ya kazi ina dakika 480. Toa 60 za kupakia na kupakua, 40 za mapumziko, na 80 za kwenda na kurudi, zinabaki 300. Kila kituo kinahitaji dakika 60 za kuhudumia na 15 za kufungua na kufunga, na kati ya kituo na kituo kuna mwendo wa dakika 20. Vituo vitatu vinakula dakika 265. Cha nne hakiingii, hata kama mpango umeandika sita. Hizo dakika 35 zilizosalia ni za pancha na matope, zisiguswe. Gari likitoka siku nne kwa wiki na ya tano ikawa ya matengenezo, mzunguko wa wiki mbili unafikia vituo 24. Hicho ndicho kipimo cha gari moja.

Tawi likifika wakati wake, hesabu rafu kabla ya kuta. Rafu ya sentimita 90 iliyojazwa robo tatu hubeba vitabu kama 20, na kabati la ngazi tano la upande mmoja hubeba 100. Ukianza na vitabu 2,500, huku moja ya tano ikiwa mikononi mwa wasomaji, unahitaji makabati 20. Acha njia ya sentimita 120 ili kiti cha magurudumu kipite. Vitabu vikae sakafu ya chini: sakafu ya maktaba husanifiwa kubeba zaidi ya kilo 700 kwa mita ya mraba, na vyumba vya ofisi vya ghorofani havikujengwa kwa uzito huo. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, kwa sababu unyevu na mchwa huanzia huko na havionekani mpaka kitabu kimeshaliwa.

Umeme wa sola: kompyuta ndogo mbili za wati 45 kwa saa 5, taa sita za wati 9 kwa saa 4, na ruta ya wati 10 kwa saa 8 ni kama wati-saa 750 kwa siku. Kwa siku mbili bila jua ni 1,500. Betri ya risasi na asidi, kama ile ya gari, chaji yake haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo nunua ya wati-saa 3,000. Paneli za wati 300 zitatosha penye saa 4 na nusu za jua kali. Usiunganishe printa ya leza. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuzima inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi.

Katalogi, yaani orodha ya vitabu, iwe moja kwa matawi yote. Programu huria ya Koha inafaa, nayo ilitengenezewa maktaba za Horowhenua, wilaya yenye mashamba mengi huko New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000. Kosa la kawaida ni kila tawi kuanza namba za vitabu vyake kwa 00001; siku ya kuunganisha, kitabu cha tawi moja kinasomeka kama cha jingine. Chapisha lebo zote makao makuu kwa mfululizo mmoja, bila alama ya tawi ndani ya namba, maana vitabu vitahama. Intaneti ikikatika, andika kwenye leja namba ya msomaji, namba ya kitabu na tarehe, kisha ingiza kabla ya kufungua siku inayofuata.

Vitabu vya msaada vipokelewe kwa masharti yaliyoandikwa mapema: lugha inayosomwa pale, umri wa kitabu, hali yake, na haki ya maktaba kukataa. Shehena ya vitabu vya kiada vya mtaala wa nchi nyingine hujaza rafu na kuficha vile vichache vinavyotafutwa, halafu mkutubi anaogopa kuvitoa kwa sababu mfadhili anaweza kutembelea.