Kayaki nimepata!!

Jamani leo niko na furaha. Asubuhi nimeshinda hapo hori ya Kilifi najaribu kayaki mbili, vile vimtumbwi vya mtu mmoja vya kupiga kafi, manake safari ya kupanda Lamu pole pole, kulala fukweni njiani, nimeiwaza mwaka mzima.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, upana sm 54 hivi, inakata maji kama kisu kweli, lakini magoti yamebana na kila nikigeuka kuangalia nyuma yaniyumbisha. Saa moja sawa, ila saa sita ndani ya hiyo kitu hapana.

Ya pili sm 61, urefu karibu mita 5, ndani ina nafasi, nanyoosha miguu, na mbele na nyuma kuna vyumba vilivyozibwa maji hayaingii, hema na chakula vyaingia vyote. Nikaweka jerikeni ya maji lita 20 nyuma ya kiti, ikatulia zaidi. Ukijaribu tupu hujui itakavyokuwa na mzigo, wenye kununua wekeni uzito kwanza.

Sasa katikati ya hori nikalaza kafi mapajani, nikafungua thamosi, nikamimina chai kwenye kifuniko. Boti la injini likapita, mawimbi yakaja ubavuni, kayaki ikapanda ikashuka.

Chai haikumwagika hata tone.

Nikabaki nimeshika kile kifuniko cha moto natabasamu peke yangu.

Imebaki swali la usukani, upepo wa kusi ukikusukuma kutoka nyuma watu wasema kayaki yapinda sana. Walioenda mbali niambieni, niweke ama niache?