Goliathi hula kama paka: nilivyofuga mbawakawa wawili wa msituni

"Mbawakawa wote ni wamoja, wape majani yaliyooza." Ushauri huo uliniulia mabuu watatu wa goliathi (Goliathus goliatus), yule mkubwa wa misitu ya kuanzia Kamerun hadi magharibi mwa Kenya. Mboji walikuwa nayo tele, lakini hawakunenepa hata kidogo.

Buu la goliathi linataka protini. Sasa namwekea kila mmoja chembe mbili za chakula kikavu cha paka, nimezifukia nusu tu. Kesho yake zilizobaki naziondoa, la sivyo ukungu na utitiri huingia. Paka wa jirani hula kwa bei nafuu zaidi. Kila buu na kopo lake, maana wakikaa pamoja hutafunana. Akilishwa vizuri hupita gramu 80.

Nilipokosea vibaya ni mwishoni. Buu alibadilika rangi akawa wa manjano, akagoma kula, akawa anazunguka juu ya mboji usiku kucha. Nikadhani anaumwa, nikamfukia. Akatoka. Nikamfukia tena, mara nne nzima, hadi akafa kwa uchovu. Kumbe alikuwa anatafuta udongo wa kujengea kifukofuko, yaani kichumba cha kugeukia mbawakawa! Siku hizi nikimwona anazurura hivyo namhamishia kwenye ndoo yenye sentimita 15 za udongo wa mfinyanzi na mchanga, nimeushindilia. Kipimo cha unyevu ni ngumi: ukiubana ushikane, maji yasidondoke. Kifukofuko usikipasue hata ukichoka kusubiri, kwani mbawakawa aliyekamilika hulala humo miezi kadhaa akingoja mvua. Mimi huloanisha udongo polepole kwa siku kadhaa, naye hudanganyika akatoka. Hapo mpe ndizi mbivu na ufunike kwa wavu, maana huruka.

Mbawakawa wangu wa pili, Tefflus, yule mweusi mwenye matuta mgongoni, haruki kabisa. Beseni lenye kingo laini linamtosha, pamoja na udongo mbichi na gome la kujificha mchana. Ndizi hana haja nayo, yeye huwinda konokono. Kumnasa, fukia kikombe mdomo uwe sawa na ardhi. Ukichomoza hata sentimita moja atakizunguka. Toboa tundu chini kwa ajili ya mvua, kagua alfajiri kabla siafu hawajamwahi. Usimsogeze karibu na macho, hutoa majimaji makali.

Na kwenye hifadhi, kibali kwanza.